Kirikuu ya kuondoa vitu chakavu nyumbani: sofa wanaziweza, rangi usiwape ikiwa mbichi

Huduma ninayoizungumzia ni ile ya kupiga simu, inakuja kirikuu, yaani gari dogo la mizigo aina ya Suzuki Carry, na vijana wawili wa kubeba, wanatoa usivyovitaka na kwenda kuvitupa. Mzigo wangu: seti ya sofa, godoro la tano kwa sita, kabati la nguo, friji bovu, tivii ya kichogo, milango miwili ya zamani na makopo kumi na moja ya rangi iliyobaki. Kutoka Tabata hadi dampo la Pugu Kinyamwezi, hapa Dar es Salaam, nimelipa shilingi 70,000 kwa tripu, na zilikwenda tripu mbili. Nawapa nyota tatu kati ya tano.

Kwenye fanicha sina lawama. Walikuja na kamba zao, wakafungua miguu ya sofa kabla ya kuipitisha mlangoni, na kabati wakalifungua skrubu badala ya kulipiga nyundo. Jambo la kujua mapema ni ukubwa wa gari. Bodi la nyuma la Suzuki Carry lina urefu wa kama mita 1.9 na upana wa mita 1.4, na kiwanda kimeipangia kilo 350. Sofa haina uzito mkubwa ila inakula nafasi, kwa hiyo seti moja na godoro tayari ni tripu nzima. Patana kwa tripu, taja kila kitu kwa jina, na hela usimalize kulipa mpaka dereva arudi na risiti ya getini dampo. Bila sharti hilo mzigo unaweza kuishia kwenye korongo la karibu, na kesho mvua inausukuma mpaka Mto Msimbazi. Niliwabania hapo, risiti nikaletewa.

Godoro lifunge kwenye nailoni chumbani humohumo. Ukiliburuta wazi hadi nje unagawa kunguni sebuleni na koridoni. Kama halina kunguni wala mkojo, mafundi wa mito wanalichana na kutumia sponji yake.

Rangi ndiyo iliyowapunguzia nyota. Vijana walianza kufungua makopo wakitaka kuimwaga mtaroni, makopo yabaki wauze kwenye vyuma chakavu. Nikawazuia. Maji ya mtaroni hayapiti popote pa kusafishwa, yanakwenda mtoni na baharini kama yalivyo. Kumwaga chooni nako ni kosa lilelile. Tina (ile ya kuyeyushia rangi ya mafuta) na rangi ya mafuta yenyewe huua bakteria wanaoyeyusha uchafu kwenye karo, na rangi ya maji huganda kwenye kuta za shimo la kunyonyea, baada ya miezi unashangaa karo linajaa upesi. Kopo bichi likifika dampo nalo linapasuliwa na mitambo, au linafunguliwa na waokota taka kwa mikono mitupu. Kwa hiyo rangi ishughulikie mwenyewe kabla gari halijaja. Mimi imenichukua siku tisa.

Anza kwa kutenganisha rangi ya maji na rangi ya mafuta. Lebo ikiwa imefutika, chovya kijiti kwenye rangi kisha kioshe kwa maji: ikitoka ni ya maji, ikishikilia na kuteleza ni ya mafuta. Usizichanganye hata kidogo, maana hazishikani wala hazikauki vizuri.

Rangi ya maji, fungua na unuse. Ikinuka kama yai viza, bakteria wameshaila, hata ukiipaka ukutani harufu itabaki. Kama hainuki, koroga dakika tano. Mabonge yakivunjika bado inafaa. Ichuje kwa kipande cha chandarua, changanya mabaki yote ya rangi ya maji kwenye ndoo moja, na umepata rangi ya mkono wa kwanza, ile inayotangulia chini, kwa ukuta wa uzio au banda. Katika makopo yangu saba ya maji, manne yalikwenda hivyo, karibu lita tisa.

Rangi ya maji iliyokufa, yaani inayonuka au yenye mabonge yasiyovunjika, inagandishwa. Kipimo ni kimoja cha rangi kwa kimoja cha vumbi la mbao kutoka kwa seremala, kwa ujazo. Koroga, subiri saa moja. Ikiwa bado inatiririka, ongeza vumbi. Kisha itandaze juu ya nailoni, unene usiozidi kidole kimoja. Wengi hukosea hapa kwa kuacha rangi ikae kina kirefu ndani ya kopo: juu inaota ngozi, chini inabaki uji wiki nyingi, na kopo likilala tu inamwagika. Ikitandazwa nyembamba hukauka siku mbili hadi nne za jua. Wakati wa masika tegemea mara mbili ya hapo, na iwe chini ya paa. Ikishakuwa ngumu kiasi cha kuvunjika, iingie kwenye mfuko wa taka za kawaida.

Rangi ya mafuta ni habari nyingine, na hapa naomba msomaji asiruke mstari. USITUMIE VUMBI LA MBAO. Rangi ya mafuta inapokauka inavuta hewa ya oksijeni na kutoa joto. Ikilowea kwenye vumbi la mbao, maranda au matambara yaliyorundikwa, joto halina pa kutokea, linaongezeka saa baada ya saa mpaka rundo linawaka lenyewe bila kiberiti. Tumia mchanga mkavu. Kopo liwe nje, mbali na jiko, mchanga uongezwe na kukorogwa kila siku mpaka ushikane. Matambara uliyofutia tandaza moja moja yakauke, au yazamishe kwenye ndoo ya maji.

Ila kabla ya mchanga, mtafute fundi wa mageti. Mafundi wa kuchomelea wanatumia rangi ya mafuta kila siku, na kwa mkono wa kwanza hawachagui sana. Ikiwa imeota ngozi juu, ikate kwa kisu kuzunguka ukingo na uinyanyue nzima. Ukiikoroga ndani inageuka vipande visivyochujika. Makopo yangu matatu ya mafuta yalichukuliwa hivyo. Lililobaki moja ndilo nililoligandisha.

Tina ya kuoshea brashi usiimwage. Iache kwenye chupa ya kioo siku mbili, uchafu utatuama, mimina ile safi ya juu uitumie tena, na tope la chini lichanganye na mchanga uleule.

Kopo la chuma likikauka ndani, liuze chuma chakavu. Ndoo ya plastiki ya lita 20 itafaa kwa kubebea mchanga au zege. Najua ndoo za rangi ziko jikoni na bafuni katika nyumba nyingi, lakini ya maji ya kunywa au ya kukandia unga isiwe hiyo.

Milango ya zamani waliomba vijana, wakasema kuna mama ntilie anahitaji kuni. Nilikataa. Rangi za mafuta za zamani, hasa njano, chungwa na nyekundu zilizokolea, mara nyingi zilitengenezwa kwa madini ya risasi. Ukichoma mbao hizo, risasi inatoka kwenye moshi na kubaki kwenye majivu, na Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi kinachojulikana kuwa salama kwa mtoto. Kwa sababu hiyohiyo usiikwangue rangi hiyo ikiwa kavu. Lowesha kwanza, vumbi lisipae. Milango yangu haikuwa imeoza, fundi ujenzi akaichukua kwa banda la kuhifadhia saruji.

Friji nalo lisipande gari kabla ya kuonwa na fundi. Nyuma, karibu na kompresa, kuna stika inayotaja gesi na gramu zake. R12, iliyokuwa kwenye mafriji ya zamani sana, inatoboa tabaka la ozoni. R134a haitoboi, lakini kilo moja yake inapasha joto dunia zaidi ya mara elfu moja kuliko kilo ya hewa ya ukaa. R600a inawaka, na stika yake ina alama ya moto. Anayekata mrija wake kwa grainda anachezea mlipuko. Vijana wa vyuma chakavu hukata mrija wa shaba palepale na gesi yote inakwenda hewani. Mtafute fundi friji mwenye mashine ya kunyonya gesi na mtungi wake. Wangu alinyonya, akachukua kompresa, themostati na mpira wa mlango kama spea, kazi hakunitoza. Mlango ung'oe kabisa hata kama friji litakaa nje usiku mmoja tu, kwa sababu mtoto akijifungia ndani hasikiki.

Tivii ya kichogo ibebwe kioo kikiwa kimeelekezwa kwenye godoro. Kioo cha tivii hiyo, hasa cha kichogoni, kina risasi, na wanaovunja kwa ajili ya shaba ya nyuma huacha vigae uani watoto wanapochezea. Vijana walitaka kuivunja garini wapunguze nafasi; ikabidi ishuke. Nimeiweka stoo mzimamzima mpaka nipate mkusanyaji wa taka za kielektroniki mwenye kibali cha NEMC, chombo cha taifa cha kusimamia mazingira. Mnunuzi wa vyuma chakavu naye anatakiwa awe na kibali, muulize kabla hajaweka mzani.

Nitawaita tena kwa fanicha. Mkiwapigia, swali la kwanza liwe wanatupa wapi, na jibu la "tutajua mbele" likitoka, pigeni namba nyingine.