Semina ya ubunifu kwa mameneja: karani wangu alinyamazishwa, na bado sijapoa

Sina neno na ukumbi wala chakula. Samaki wa kupaka alikuwa wa kiwango, kiyoyozi kilifanya kazi, chai ilikuja kwa wakati. Neno langu ni moja, na ni la mwezeshaji mkuu.

Mimi nasimamia uzalishaji na usambazaji kwenye kiwanda cha mikate hapa Dar. Tangazo lilisema semina inawafundisha mameneja kuongoza ubunifu kwenye taasisi zao, na kila meneja aje na mfanyakazi mmoja wa ngazi ya chini wajifunze pamoja. Hilo ndilo lililonivuta mpaka nikaenda kumwomba mhasibu hela (na mhasibu wetu, kumtoa hela ni ubunifu tosha). Nikalipia viti viwili, bei ileile, nikaenda na karani wangu wa stoo.

Asubuhi ya kwanza tukapigwa kisa cha Kodak, ile kampuni ya kamera na filamu za picha. Semina za aina hii lazima zipitie Kodak, nishazoea: mhandisi wao kijana, Steve Sasson, alitengeneza kamera ya dijitali mwaka 1975, wakubwa wakaiacha kwa sababu hela yao ilikuwa kwenye filamu, na 2012 kampuni ikaenda mahakamani kuomba kinga dhidi ya wadai. Mwezeshaji akapandisha sauti: "Nani ofisini kwako ameshika kamera na wewe humsikilizi?" Tukapiga makofi. Hata mimi nilipiga.

Haikupita nusu saa. Akataka kila meza ilete tatizo la kweli. Karani wangu, ambaye tangu asubuhi hakuwa amefungua mdomo ila kwa chai, akanyoosha mkono. Akaeleza kwamba kreti za mikate zinapotea, kila dereva anasema si yeye, na yeye anaona kreti za kila ruti zipigwe rangi yake, gari likirudi ionekane palepale getini nani kaleta pungufu. Ndoo chache za rangi, basi.

Yule bwana hakumwacha amalize. "Dada yangu, hilo mpelekee msimamizi wako. Hapa tunazungumza ubunifu." Kisha akanigeukia mimi na tabasamu lake: "Bosi, ninyi mna wazo gani? Mmefikiria programu ya simu?"

Watu wakacheka. Karani akafunga daftari lake, akalitia kwenye mkoba. Siku ile hakulitoa tena.

Na mchana, bila haya, mwezeshaji akatuletea M-Pesa. M-Pesa! Akaisimulia kana kwamba kuna mkurugenzi aliiota usiku akaamka nayo. Majaribio yake kule Kenya, 2005, yalikuwa ya kuwawezesha wakopaji wadogo kulipa marejesho kwa simu. Ni hao wakopaji walioanza kutumiana hela kwa mambo yao wenyewe, na waliokuwa wakiwatazama wakawa na akili ya kuona. Ilipozinduliwa 2007 ilinadiwa kwa hilohilo, kutuma pesa nyumbani. Yaani mfano wake mwenyewe unamsuta. Nilitaka kumwambia, lakini nilikuwa na hasira, na pia nilikuwa nimeshiba.

Siku ya pili nilikwenda kwa sababu hela ilishalipwa. Na hapa ndipo msimamo wangu unapoyumba, mnisamehe. Kipindi cha asubuhi alikishika msaidizi wake, binti mpole, hata kipaza sauti hakukitaka. Akatueleza kamba ya Toyota: mfanyakazi yeyote kiwandani akiona kasoro anaivuta, kiongozi wake anamfuata pale alipo, na lisipotatuliwa upesi kazi yote inasimama. Halafu akatupa zoezi. Kaa na mfanyakazi wako dakika kumi, muulize kinachomkwamisha, kisha funga mdomo. Usijitetee, usimweleze bajeti. Jamani, dakika kumi ni ndefu.

Nikamuuliza karani kwa nini hili la rangi hakuniletea mimi tangu mwanzo. Akatazama meza.

"Nilikuambia, bosi. Wakati wa Ramadhani. Ukasema tutaona."

Sikumbuki. Wallahi sikumbuki. Na badala ya kujichukia mimi, nikazidi kumchukia yule mwezeshaji.

Rangi tumeshapaka, tumeanza na ruti ya Mbagala na ya Gongo la Mboto. Kreti hazijaacha kupotea, ila sasa najua ni gari lipi. Dakika kumi nazo nimeendelea nazo kila Ijumaa. Madereva bado wanadhani ni uchunguzi, wanakuja wamejipanga kama mashahidi.

Sasa, semina inafaa? Palepale ukumbini niliapa haifai hata shilingi. Wiki chache baadaye nikawa nawaambia wenzangu kwamba ile asubuhi ya pili peke yake inalipa. Leo nimefungua droo nikakutana na vyeti, nimerudi kwenye kiapo changu. Mimi nilipewa cha kiongozi wa ubunifu, chenye muhuri wa dhahabu. Karani, aliyelipiwa bei ileile, alipewa cha kuhudhuria, na jina lake wamelikosea. Hakukichukua. Vyote viwili viko kwangu.

Juzijuzi wamenipigia kuhusu awamu ya pili, eti kuna punguzo kwa waliokuja awali. Nikauliza kama mwezeshaji ni yuleyule. Dada wa kwenye simu akacheka kidogo, akasema atanirudia. Hajanirudia.