Mswaki wa kidole wa mtoto: uzoefu wangu wa miezi sita, Kampala

Niliununua kwenye soko la Kikuubo kwa shilingi 6,000, baada ya muuzaji kuanza na 10,000. Ni kimpira cha silikoni unachokivaa kidoleni kama kofia: upande mmoja una vinywele vifupi laini, upande wa pili vipele. Unauzwa pamoja na kijisanduku chake cha plastiki. Mwanangu alikuwa na miezi mitano, hana hata jino moja, lakini udenda ulimtoka mpaka nikawa nambadilisha fulana mara nne kwa siku. Chochote alichokishika kilikwenda mdomoni, na tasbihi ya babu yake haikusalimika.

Kazi yenyewe ni ya dakika moja. Jioni nikishamwogesha namlaza mapajani, nanawa mikono, nachovya mswaki kwenye maji yaliyochemshwa yakapoa, napitisha taratibu kwenye fizi, chini kisha juu. Siku za mwanzo alikunja uso kama aliyelambishwa ndimu. Wiki ya pili akiniona navaa ule mpira anaachama mwenyewe. Vipele ndivyo alivyovipenda, anavitafuna, anatulia. Nikiuweka kwenye friji kidogo kwanza anatulia zaidi, ila usiugandishe, barafu inaumiza fizi.

Alipofikisha miezi sita akapata homa na kuharisha. Jirani yetu hapa Kisenyi, mama mtu mzima ninayemheshimu sana, akamfungua mdomo, akaona vivimbe vyeupe kwenye fizi. "Mwanangu, huyu ana ebinyo. Hayo ni ya kung'oa, usingoje kesho." Waganda hawahitaji maelezo, ndugu zangu wa Tanzania, ndiyo yale mnayoyaita meno ya plastiki au ya nailoni, yanayodhaniwa kumletea mtoto homa na kuharisha. Mama mkwe naye akaunga mkono, tena anamjua mzee wa kuyatoa, na mume wangu mwenyewe alitolewa utotoni.

Hapo mswaki ulinisaidia kwa jambo ambalo halikuandikwa kwenye boksi. Kidole changu kilikuwa kinapita mle kila siku, kwa hiyo vile vivimbe nilikuwa navijua. Nikamwambia mama mkwe, "Mama, samahani, hivi vipo mwezi mzima sasa, na mtoto alikuwa anacheza na kunyonya vizuri. Homa imeanza jana." Akanyamaza. Tukapanda boda hadi kituo cha afya, akapimwa damu: malaria. Dawa siku tatu, homa ikaisha.

Muuguzi alimwonyesha mama mkwe, si mimi, kwa adabu kabisa: pale pana chonge za utotoni zinazojijenga ndani ya fizi. Ukizichimba, kwa spoku ya baiskeli au kwa kisu, mtoto anapoteza damu, anaambukizwa maradhi, na hata meno ya ukubwani yaliyo chini yake yanaweza kuharibika. Akaongeza kwamba kuota meno humsumbua mtoto, pengine na joto kidogo, lakini homa ya nyuzi 38 au kuharisha kuna ugonjwa wake, utafutwe. Tangu siku hiyo mama mkwe ndiye anayegombania kumsugua.

Sasa kasoro, maana zipo. Kijisanduku hakina tundu hata moja. Ukiufungia mswaki ukiwa na unyevu unanuka, na mimi nilikuta vidoa vyeusi ndani. Tangu hapo nikawa nauchemsha, nauacha ukauke kwenye kikombe safi. Ya pili: meno mawili ya chini yalipotoka, kwenye miezi saba, kidole changu kilianza kuona cha moto. Mtoto wa miezi tisa anauma kwa nguvu msizozidhania! Ya tatu ndiyo kubwa. Mpira ulichanika pale alipokuwa akiuma, kikabaki kipande kinaning'inia. Kingekatika kingeweza kumkaba, nikautupa siku ile ile. Ukaguzi wa mpira kabla ya kuuvaa, kila siku, usiuache.

Kingine, vinywele vyake ni vifupi mno kwa jino lenyewe, vinapapasa tu. Jino la kwanza likitoka, nunua mswaki wa kawaida wa watoto wenye kichwa kidogo, na dawa ya meno yenye floraidi, madini yanayokinga jino lisioze, dawa yenyewe kiasi cha punje ya mchele, asubuhi na kabla ya kulala. Soma boksi: zile za ladha ya matunda wanazotukimbilizia akina mama, nyingine hazina floraidi kabisa. Ya wakubwa yenye floraidi ya angalau 1000 ppm (sehemu 1000 kwa milioni) inafaa, mradi iwe punje hiyo tu.

Duka moja la dawa walitaka kuniongezea jeli ya ganzi ya kupaka fizi. Nikasoma: benzocaine. Mamlaka ya dawa ya Marekani ilionya mwaka 2018 isitumiwe kwa walio chini ya miaka 2, kwa sababu inaweza kuizuia damu kubeba oksijeni. Niliirudisha kaunta.

Kwa fizi tupu, kati ya miezi minne na minane, mswaki huu nauunga mkono. Kama sente hazitoshi, kitambaa safi cha pamba kilicholowa maji kinasafisha vile vile. Hakina vipele tu, na mwanangu bila vipele alikuwa hapati usingizi.