Mvua ya Dodoma: kipimo au dua?
Dodoma ina msimu mmoja wa mvua, Novemba hadi Aprili, kwa hiyo ubishi wa kama mvua ni ya kutegemea vipimo au dua huku si wa kijiweni tu. Wapo wasemao kisichopimika hakipo. Kwa shambani nawakubalia: Mamlaka ya Hali ya Hewa ikitabiri mvua chini ya wastani, napanda uwele, mahindi naacha. Anayeomba bila kushika jembe anajidanganya.

Lakini dai kwamba sayansi pekee ndiyo njia ya kuujua ukweli, limepimwa kwa kipimo gani? Hakuna maabara iliyolitoa. Nalo ni imani, tena isiyojijua. (Mwanangu wa chuo hununa nikimwambia hivyo.)

Upande wa pili, nenda Kolo, Kondoa. Michoro ya miambani iliingia Urithi wa Dunia mwaka 2006. Wanaakiolojia wanatafuta umri wake. Wenyeji bado wanatambikia mvua pale pale Mungomi, mmoja wa miamba hiyo yenye michoro. Mwamba mmoja, maswali mawili.

Bibi jirani yangu ana kopo la rangi uani, amelichora alama kwa msumari. Mvua ikikata, husoma alama, huandika ukutani kwa mkaa, kisha hujifunga kanga aende kwenye dua. Namwelewa yeye zaidi.