Mikanda ya nailoni yenye kibao cha lebo: inapofaa na inapokuangusha

Huu ni mkanda ule ule wa nailoni wenye meno upande mmoja na kichwa chenye tundu, ambao mafundi wengi huuita zip tai, ila huu umeongezewa kibao bapa cha kuandikia. Kichwa, ulimi uliomo ndani yake, ukanda, meno na kibao vyote ni kipande kimoja kilichotoka kwenye kalibu kwa mmimino mmoja. Hauna gundi wala skrubu. Unauzungusha kwenye waya, bomba, mfuko au shada la funguo, unaupitisha mkia kichwani na kuuvuta. Ulimi unadaka meno na mkanda haurudi nyuma tena.

Kwa kazi za ndani ya jengo tunaupa alama za juu kabisa. Stika ya kuzungushia huanza kubanduka kwenye waya mwembamba, kwa sababu plastiki yake inataka kunyooka muda wote na gundi nayo inachoka. Mrija unaosinyaa kwa joto hushika vizuri kuliko vyote, lakini sharti uvishwe kabla waya haujaungwa. Ukisahau, inabidi uufungue waya upya. Mkanda wenye kibao hufungwa hata kazi ikiwa imeshakwisha, bila kugusa skrubu yoyote, na kwa fundi anayekuta mtambo wa zamani usio na lebo hata moja, hilo peke yake linatosha kuununua. Kwa kazi za nje habari ni nyingine, na wanunuzi wengi hukosea hapo kwa kuchagua mkanda kwa nguvu zake, ilhali kinachoshindwa kwanza karibu kila mara si nguvu, bali ni maandishi au plastiki iliyoliwa na jua.

Tuanze na nguvu hizo ili tuzimalize. Mkanda wenye upana wa milimita 2.5 huhimili mvuto wa takriban niutoni 80, yaani kama uzito wa kilo 8. Wa milimita 4.8 hufika niutoni 220 hivi, kama kilo 22. Lebo haibebi mzigo, kwa hiyo ule mwembamba unatosha kwa waya nyingi, tena unafaa zaidi: mkanda mnene ni mgumu, haukumbatii waya mwembamba, unabaki na pengo na kibao kinazunguka ovyo. Chukua mnene pale tu mkanda mmoja unapofanya kazi mbili, kufunga furushi la nyaya na kulitambulisha.

Urefu ndio unaohitaji hesabu. Pima kipenyo cha unachofunga, zidisha kwa 3.14, kisha ongeza milimita 30 za kichwa na za mkia wa kushikia. Bomba la milimita 40 linataka mkanda wa milimita 156 hivi, kwa hiyo nunua wa 200. Mkanda wa milimita 100 unaishia kwenye kipenyo cha takriban 22. Kumbuka pia kwamba kwenye aina ambayo kibao kimelala juu ya ukanda wenyewe, sehemu hiyo haina meno wala haipindi, hivyo kitu chembamba sana hakitabanwa sawasawa. Kuna aina nyingine ambayo kibao kimechomoza pembeni ya kichwa kama bendera. Kwa waya mmoja mmoja tunapendelea hii ya bendera, maana ukanda wote unabaki huru kukaza, na kibao kinasomeka pande zote mbili. Kasoro yake ni kwamba inachukua nafasi: ndani ya sanduku lililojaa nyaya, bendera hukwaruzana, hunasa, na mlango ukifungwa kwa nguvu shingo ya kibao hukatika.

Vibao vyenyewe vina vipimo vingi. Vinavyopatikana kwa urahisi ni kama milimita 25 kwa 8, au 20 kwa 13. Kwenye kile cha 25 kwa 8, herufi za urefu wa milimita 3 zinakupa mistari miwili yenye herufi kumi hadi kumi na mbili kila mmoja. Hiyo inatosha kuandika namba ya waya na mahali unakokwenda, lakini haitoshi kwa maelezo. Anayetaka kuandika sentensi atumie kibao kikubwa, au aandike namba tu na maelezo yake yakae kwenye daftari au jedwali la mtambo. Herufi zilizobanwa chini ya milimita 2 hazisomeki kwa tochi ndani ya kona yenye giza, na huko ndiko lebo huhitajika.

Maka peni ya wino wa kudumu yenye ncha nyembamba ndiyo kalamu sahihi. Wino wa bolpeni hauna pa kushika kwenye nailoni, unateleza na kutoka kwa kidole. Hata maka peni nzuri ina adui wawili. Wa kwanza ni spiriti na vimiminika vya kusafishia, kwa kuwa wino wa kalamu nyingi za aina hii umetengenezwa kwa kiyeyushi cha jamii hiyo hiyo. Anayefuta vumbi kwa kitambaa chenye spiriti anafuta na lebo. Wa pili ni jua. Wino mweusi huvumilia zaidi, ila nyekundu na rangi nyingine hupauka mapema. Palipo na mafuta, spiriti au jua, agiza maandishi yakiwa yameshachongwa kwa leza au kupigwa kwa muhuri wa moto kiwandani. Kibandiko kilichochapishwa na kubandikwa juu ya kibao nacho hufanya kazi, mradi uso wa kibao uwe laini. Kwenye uso wenye chengachenga gundi hugusa vilele tu na kibandiko kinaachia kona.

Utaratibu wa kufunga ni mfupi, ingawa mpangilio wake una maana. Futa kibao kwa kitambaa chenye spiriti kidogo, kwa sababu mara nyingi hubaki na utando wa mafuta ya kalibu au ya vidole. Andika kikiwa kimelala mezani, kabla ya kufunga. Kuandika kibao kikiwa kinaning'inia ndio chanzo cha zile 1 zinazofanana na 7. Acha wino ukauke dakika moja au mbili bila kuugusa. Zungusha mkanda meno yakiwa ndani, yakielekea kitu unachofunga, pitisha mkia, kisha kabla ya kukaza geuza kibao kiangalie upande atakaosimama msomaji. Vuta kwa mkono mpaka mkanda uache kuteleza kwenye waya, ukomee hapo. Malizia kwa koleo lenye makali bapa, likate mkia sambamba na kichwa. Koleo la kawaida huacha kichuguu chenye ncha, na kichuguu hicho huchana mikono ya kila atakayepita baadaye. Waya uwekewe lebo ncha zote mbili, ndani ya sentimita 30 kutoka mwisho wake, kwa namba ile ile. Ukipita ukutani au darini, weka nyingine kila upande wa tundu.

Usikaze nyaya za mtandao kama unavyokaza bomba. Ndani yake kuna jozi zilizosokotwa kwa kipimo, na mkanda ukizama kwenye ganda jozi hizo hupoteza umbo lake na mawimbi ya data huanza kurudi nyuma. Mkanda uweze kuzungushwa kwa kidole. Kwa nyaya za kioo (faiba), mkanda ulegee kabisa, au tumia utepe wa velikro.

Sasa jua, ambalo ndilo jambo zito. Nailoni 66 ya rangi yake ya asili, ile nyeupe ya maziwa, haikuumbwa kukaa juani. Miale ya urujuanimno hukata minyororo ya molekuli zake. Uso hupauka na kuwa kama chaki, mipasuko midogo hutokea pale mkanda unapopinda karibu na kichwa, kisha siku moja unakatika wenyewe bila kuguswa. Dawa inayojulikana ni kuchanganya masizi ya kaboni kwenye plastiki, ambayo humeza miale kabla haijaingia ndani. Ndiyo maana mikanda ya nje ni myeusi. Lakini mkanda ni kipande kimoja, kwa hiyo kibao nacho kinakuwa cheusi, na maka peni nyeusi juu ya kibao cheusi ni kazi bure. Anayenunua mikanda myeupe kwa ajili ya uzio au paneli za jua kwa sababu inaandikika vizuri atabaki na maandishi mazuri yaliyoanguka chini.

Njia zipo tatu. Kalamu ya rangi nyeupe au ya fedha, ile yenye rangi nzito unayoitikisa kabla ya kuandika, hushika kwenye kibao cheusi, ila mistari yake ni minene, basi chukua kibao kikubwa. Leza huacha alama ya kijivu hafifu, inayosomeka kwa karibu. Njia tunayoipendelea kwa kazi ya kudumu ni kutenganisha kazi mbili: kibao cha peke yake chenye matundu, kilichochongwa maandishi, kikafungwa kwa mikanda myeusi ya kawaida. Hapo hununui tena bidhaa hii, na ni sawa. Jihadhari na mikanda myeusi isiyotaja popote kwamba ni ya kustahimili jua. Weusi wa rangi ya kawaida hauna kinga ya masizi ya kaboni, na kwa macho huwezi kuitofautisha.

Lalamiko linalosikika sana ni mkanda kukatika kichwani wakati wa kufunga, na wengi huamua papo hapo kwamba ni bandia. Mara nyingi ni ukavu. Nailoni hunywa maji kutoka hewani. Kwenye hewa ya kawaida hutulia na unyevu wa kama asilimia 2.5 ya uzito wake, na maji hayo hukaa kati ya minyororo ya molekuli na kuiruhusu isogee. Mkanda ukitoka kalibuni ni mkavu na mgumu, kiwanda huunywesha maji na kuufunga kwenye mfuko usiopitisha hewa. Ukiacha mfuko wazi kwenye dashibodi ya gari au karibu na mashine yenye joto, unyevu unatoka na mkanda unarudia ukavu wake. Loweka iliyokauka kwenye maji ya kawaida usiku kucha, ifute, ijaribu. Isipopona, basi ndipo ulaumu malighafi. Baridi kali nayo huifanya iwe tete, hivyo mahali pa barafu ipashe joto mfukoni kabla ya kuifunga. Ikishafungwa, nailoni 66 ya kawaida hufanya kazi kati ya nyuzi 40 chini ya sifuri na 85 za selsiasi. Karibu na injini omba ile iliyoimarishwa dhidi ya joto.

Kemikali haziiumizi zote sawasawa. Mafuta, grisi na petroli inavivumilia vizuri. Asidi kali inaimaliza, kwa hiyo kwenye betri za asidi usiiweke hata kwa muda. Chumvi za zinki pia huipasua, na hizo hupatikana kwenye mabati yanayoliwa na maji ya chumvi. Huko tumia mikanda ya polipropilini, ambayo ina nguvu ndogo zaidi lakini haijali asidi. Kuzitofautisha ni rahisi: kipande cha polipropilini huelea majini, cha nailoni huzama.

Ukiishika pakiti dukani, tafuta maandishi ya PA66, yaani nailoni 66, kiwango cha joto na, kwa kazi ya umeme, alama ya UL 94 V-2, inayomaanisha kwamba moto ukiondolewa plastiki huzimika yenyewe ndani ya sekunde 30, ingawa matone yake yanaweza kudondoka yakiwaka. Toa mmoja uukague. Pale shingo inapokutana na kibao pawe na mviringo. Kona kali ndipo mpasuko unapoanzia. Uso wa kuandikia usiwe na kovu la mahali plastiki ilipoingilia kalibuni. Pitisha kidole pembezoni: ukingo mwembamba unaokwaruza maana yake kalibu imechakaa na plastiki inavuja kwenye maungio. Meno ya mwisho kabisa mkiani yawe kamili, kwa sababu plastiki ikiishiwa nguvu kabla ya kujaza kalibu, mapungufu hujionyesha sehemu za mbali. Halafu ufunge kwenye kalamu na uuvute kinyume. Ukirudi hata jino moja, rudisha pakiti.

Usiutumie kama lakiri. Ulimi huinuliwa kwa sindano au kipande chembamba cha bati, mkanda ukafunguliwa na kufungwa tena bila kuacha alama. Mizigo na mita zinahitaji lakiri zenye namba zilizotengenezwa kwa kazi hiyo. Kwenye miche uache kitanzi kipana, maana shina hunenepa na mkanda haulegei, utalikaba hadi likauke. Kwa lebo za muda, kama sampuli au vifaa vya kukodisha, nunua aina yenye kitufe cha kuachia ulimi, ingawa yenye kibao cha maana ni michache.

Wakati wa kuutoa, kata kwenye kichwa, ukiingiza ncha ya koleo kati ya kichwa na ukanda, si juu ya waya, ambako koleo likiteleza linachana ganda. Okota vipande vyote: haviozi, na kipande kikidondoka ndani ya feni ya mtambo kinaweza kuisimamisha.