Jiko la nje la tela: sanduku jenga mwenyewe, reli nunua za maana

Assalaam alaykum watazamaji, karibuni. Leo tunatizama jiko la nje la tela, lile la kuvuta kama droo: unaegesha ufukweni, unafungua kifuniko cha ubavuni, unavuta, unapika. Hili la plaiwudi limejengwa hapa hapa Unguja. Hilo la pembeni ni la stenlesi, linakuja tayari kutoka nje. Jawabu nawapa mapema msije mkangoja bure: sanduku jenga mwenyewe wala usione haya, lakini kwenye reli, zile anazotelezea sanduku likivutwa, na boliti usifanye ubahili. Majiko haya kwetu hayafi kwa uzito wa masufuria. Yanauliwa na chumvi na mchanga.

Vipimo kwanza. Uwazi wa ubavuni mwa tela hili ni milimita 640. Sanduku lina upana wa milimita 600, kina 700, kimo 400. Zile milimita 40 zilizobaki ni nafasi ya reli. Reli nzito zenye upana wa milimita 76 huwa na unene wa milimita 19 hivi, kwa hiyo mbili zinakula 38, na milimita mbili zinazosalia unazijaza kwa washa nyembamba, vile vipete bapa vya boliti, nyuma ya reli. Fundi akikutengenezea sanduku la 610, haliingii hata ulipige nyundo. Akitengeneza la 590 bila kuziba nafasi, ukilivuta reli zinapinda, kila moja inakwenda upande wake, na baada ya muda gololi zinaanza kutoka. Kwa hiyo nunua reli kabla hujakata ubao. Pima unene wake, ndiyo umpe fundi kipimo.

Mbao: shiti moja ya plaiwudi ya marini, ile ya kujengea boti, futi 4 kwa 8, unene milimita 15. Inatosha sanduku zima na inabaki ya meza ya kukunja. Sasa sogeza kamera hapa kwenye mkato. Mnayaona matabaka? Maji hayaingii kwa usoni, yanaingia hapa, na kwenye matundu ya skrubu. Hii pete nyeusi kuzunguka tundu ndiyo mwanzo wa kuoza. Dawa yake ni epoksi, ile rangi ya gundi ya kuchanganya inayokauka ngumu: mkono wa kwanza kwenye mikato yote, utaona ubao unainywa, ikikauka piga msasa mwepesi, rudia mara mbili. Matundu nayo yapake ndani kabla ya kufunga boliti. Vanishi ya makochi haitoshi. Mafundi wa boti pale Nungwi watakwambia hayo hayo.

Haya, reli. Hapa ndipo pesa iende. Chukua jozi inayobeba kilo 100 na kuendelea, yenye kufuli ikiwa ndani na kufuli ikiwa nje. Kufuli la nje wengi hawalioni kama lina maana, mpaka jiko limerudi ndani lenyewe na sufuria la mchuzi likiwa motoni. Na ile namba ya kilo iliyoandikwa ni kwa reli iliyosimama ubavuni mwa sanduku. Ukiilaza chini ya sanduku, uwezo wake unaporomoka vibaya. Mafundi hupenda kuilaza kwa kuwa kazi inakuwa nyepesi, mkatalie.

Tena usiipake grisi. Grisi na mchanga wa Paje vikikutana unapata msasa, na gololi zinasagika. Hii reli hapa imepakwa grisi. Sikilizeni inavyolia nikiivuta. Na hii nyengine imesafishwa kwa maji baridi, ikakaushwa, ikapuliziwa silikoni ya kupuliza: inakwenda kwa kidole kimoja. Maji baridi nikisema, yasiyo na chumvi. Visima vingi vya pwani ya mashariki maji yake yana chumvi, kwa hiyo usioshee hayo ukadhani umesafisha.

Ukishapakia jiko la plate mbili, vyombo na dumu la lita 20, kilo 60 unazifika kirahisi, na zote zinaning'inia nje ya tela. Kwa hiyo weka miguu miwili ya kukunja kwenye ncha ya nje, kila mmoja ukalie kibao cha sentimita 20 kwa 20. Bila kibao mguu unazama mchangani, sanduku linainama, mafuta yanakusanyika upande mmoja wa kikaango.

Boliti: tizama kichwani. Iliyoandikwa A2 ni stenlesi 304, A4 ni 316, yenye molibdeni inayoizuia kuliwa na chumvi. Pwani chukua A4. Sumaku haitakusaidia kuzitofautisha, maana zote mbili hazishiki au zinashika kidogo tu. Ila ikinata kwa nguvu, jua umeuziwa kitu chengine. Ukifunga stenlesi kwenye alumini tia washa ya nailoni katikati. Usipotia, alumini ndiyo inayoliwa, utaona unga mweupe unatoka pembeni. Na nati za stenlesi usizikaze kwa drili ya kasi: zinapata moto, nyuzi zinagandana, hapo hutoi tena mpaka grainda. Tia grisi kidogo, kaza kwa spana. Huku grisi ruhusa.

Gesi. Mtungi wa kilo 6 unasafiri nje, umesimama wima kwenye mkono wa tela, ule wa mbele unaoungwa na gari, umefungwa kwa mkanda wa chuma. Haulazwi, kwa sababu gesi ikiwa bado majimaji inaweza kuingia kwenye regyuleta. Wakati wa kupika unaushusha chini, kando ya jiko, kwa mpira wa mita 1.5 na klipu kila ncha. Kabla hujalirudisha jiko ndani, funga mtungi, acha moto uzime wenyewe, ndiyo ufungue mpira. Usiubane kwenye reli. Gesi hii ni nzito kuliko hewa, ikivuja inakaa chini kama maji, kwa hiyo toboa matundu mawili ya sentimita 5 kwenye sakafu ya sanduku na uyafunge kwa wavu wa stenlesi. Matundu ya juu peke yake hayasaidii kitu. Kila ukiunga mtungi na mpira, fungua gesi, pakaa povu la sabuni kwenye maungio. Likifura mapovu, funga gesi. Kiberiti si kipimo.

Chini na nyuma ya jiko weka bati la stenlesi, lakini usiligandishe na ubao. Liinue kwa vipande vya bomba vya sentimita 2, hewa ipite. Likigusa ubao joto linapita moja kwa moja na plaiwudi inaungua kimyakimya. Sufuria pana la pilau ndilo hatari zaidi, linarudisha moto chini.

Upepo je? Gari zetu zinakwenda kushoto, kwa hiyo jiko litokee ubavu wa kushoto, ukisimama kando ya barabara usipike katikati ya magari. Na kwa Paje na Jambiani, pwani ya mashariki, kuna faida nyengine: kusi na kaskazi zote zinatoka upande wa bahari. Egesha pua ikitizama kaskazini, ubavu wa kushoto unakuwa magharibi, na tela lenyewe ndilo kinga yako mwaka mzima.

Maji: dumu juu ya meza, koki ya plastiki, basi. Pampu ya umeme ni ya kuringia. Maji ya sabuni yakinge kwenye dumu la pili, usiwamwagie wenye mashamba ya mwani. Na seredani, jiko la makaa, isiingie kwenye sanduku hili abadani, ikae mchangani. Wala usiiingize ndani ya tela kwa kuwa "makaa yameshakufa": hewa yake ya kaboni monoksaidi haina harufu, na inaua waliolala.

Uzito sasa. Jiko likikaa nyuma ya ekseli ya magurudumu, linainua pua ya tela, na tela lenye pua nyepesi linayumba mkia barabarani. Puani pawe na asilimia 10 mpaka 15 ya uzito wote: tela la kilo 600, kilo 60 hadi 90. Weka mizani ya kupimia watu chini ya mkono wake, utajua. Ikipungua, sogeza jiko mbele, usiongeze mawe.

Lile la stenlesi? Mara nyingi ni 304, na karibu na bahari linatoa madoa ya rangi ya chai, lakini haliozi wala halishiki harufu. Anayepikia wageni samaki na pweza kila siku alichukue hilo, abadilishe boliti tu. Wa safari za mwisho wa wiki, plaiwudi inamtosha.

Kabla ya kuondoka, vuta sanduku kwa mkono uone kama kufuli zote mbili zimeshika. Moja haitoshi.