Shilingi 2,000 za sauti: ununue nini kwanza ukitaka kutengeneza tekno

Mpwa wangu alinijia Maweni jioni moja, shilingi 2,000 kwenye simu na swali moja mdomoni. "Mjomba, ninunue pakiti gani?" Kijana amekuwa akibeba spika kwenye hoteli za ufuoni hapa Malindi, huko ndiko tekno, muziki wa dansi unaotengenezwa kwa mashine, ilikomwingia damuni. Laptopu ya mitumba anayo, hedifoni anazo, na programu ya kutengeneza muziki ameshaweka. Kilichobaki ni sauti zenyewe, zile zinazouzwa kwa pakiti ili uzipange kuwa wimbo. Nikamwambia akae, anywe chai, kwa sababu kwenye sauti ndiko watu wengi wanakopoteza pesa, na mimi ni mmoja wao.

Kwanza tuelewane kuhusu bidhaa. Lupu ni kipande cha muziki kilichokatwa ili mwisho wake uungane na mwanzo wake: ukikirudia, hakionyeshi mshono. Wanshoti ni pigo moja lililosimama peke yake. Kiki moja, kofi moja (mlio wa kupiga makofi), haihati moja (mlio mkali wa matoazi madogo). (Kiki ninayoisema ni ile ngoma nzito ya chini, si ile wanayoitafuta wasanii mitandaoni.) Kwa bei vinaweza kulingana, lakini kwenye bando ni mbingu na ardhi. Lupu ya vipimo vinne, yaani mapigo 16, kwa mwendo wa mapigo 130 kwa dakika ina urefu wa sekunde saba na kidogo. Katika WAV, yaani faili la sauti lisilobanwa, ya stereo ya biti 24 hiyo ni karibu MB 2. Kiki ya mono ya nusu sekunde haifiki hata KB 70. Anayepakua kwa bando la siku ataielewa hesabu hii kabla sijamaliza kuieleza.

Sasa nipange njia tano za kupata sauti, nikianza na ile mbovu kabisa, kwa sababu ndiyo watu hununua mwanzo.

Ya tano: flashi iliyojazwa

Unaijua. "GB 64, sauti zote za dunia, mia tano tu." Niliinunua. Nusu ya mafaili yalikuwa MP3 yaliyobadilishwa jina tu, na MP3 ina tabia moja mbaya kwa kazi hii: inapotengenezwa huongezewa ukimya mdogo mwanzoni na mwishoni. Huusikii ukicheza wimbo mzima, lakini ukirudia lupu, kila mzunguko unachechemea kama tuktuk yenye tairi bovu. Nilikaa wiki nzima nikidhani kosa ni langu. Juu ya hayo, hakuna leseni, kwa hiyo hata ukipata sauti nzuri humo hujui ni ya nani. Mia tano nunua samaki.

Ya nne: pakiti kubwa ya lupu za tekno

Hapa sina ugomvi na wauzaji. Pakiti nyingi za aina hii zimetengenezwa vizuri na mtu anayejua kazi, na ukiweka lupu tatu pamoja ndani ya dakika tano utasikia kitu kinachofanana na wimbo. Tatizo ni hapo hapo: kinafanana. Ulichokipata ni uamuzi wa mtu mwingine.

Chukua lupu ya ngoma ambayo kiki imo ndani yake. Unataka kiki ishuke kidogo ili besi ipate nafasi. Huwezi. Ukikata masafa ya chini, yaani sauti nzito, unakata na mwili wa ngoma nyingine. Ni sawa na kutaka kutoa chumvi kwenye mchuzi uliokwisha iva. Halafu kuna mwendo. Tekno hukaa kati ya mapigo 120 na 150 kwa dakika, na pakiti yako huenda imerekodiwa kwa 125. Wewe unataka 140. Programu itaiongezea mwendo, lakini hiyo ni asilimia 12, na haihati zitaanza kukwaruza kama mchanga kwenye meno.

La tatu ndilo lililoniuma. Niliwahi kupakia wimbo wangu mtandaoni, baada ya siku chache likaja dai la hakimiliki kutoka kwa mtu nisiyemjua. Alitumia lupu ile ile, kanunua kihalali kama mimi, kisha kausajili wimbo wake kana kwamba kila sauti iliyomo ni yake. Kanuni za YouTube zinataka anayesajili sauti kwenye Content ID, mfumo wao wa kutambua kazi za wenye haki, awe na haki za pekee, na lupu inayouzwa kwa kila mwenye kadi haina upekee wowote. Nilishinda, lakini kwa barua pepe nyingi na risiti niliyobahatika kuiweka. Kwa hiyo ukinunua lupu, weka risiti na faili la leseni katika folda moja na sauti zenyewe. Na kama wewe ndiye unayesajili, usiweke tiki pale panapouliza kama sauti zote ni zako peke yako.

Ukizitaka kwa vyovyote, tafuta pakiti iliyozitenganisha: lupu ya haihati peke yake, ya besi peke yake, ya kayamba peke yake. Hizo zina faida kwa anayeanza, kwa sababu unaweza kuiwasha moja, ukaizima nyingine, ukajifunza wimbo unavyojengwa na kubomolewa. Lakini chukua ndogo.

Ya tatu: usajili wa mwezi mmoja

Tovuti za Splice na Loopcloud ndizo zinazojulikana zaidi. Splice unalipa kwa mwezi na kupewa krediti, kisha unachagua sauti moja moja. Kifurushi cha krediti 100 kilikuwa kinazunguka dola 13 nilipoangalia mara ya mwisho, na usishangae ukikuta VAT ya asilimia 16 imepanda juu yake. Kwa kadi ya M-Pesa GlobalPay unalipa bila kwenda benki. Karibu hela yote ya mpwa wangu ingeishia hapo.

Uzuri wake ni kwamba unasikiliza kabla ya kununua na huburuzwi na pakiti nzima kwa ajili ya kofi moja. Ubaya wake ni sisi wenyewe. Utasikiliza mpaka saa nane za usiku, masikio yatachoka, na utajikuta umenunua haihati 40 zinazofanana. Mimi ningeshauri uingie na orodha kwenye karatasi, ununue ndani ya siku mbili, upakue zote, ndipo usitishe. Ulichokwisha pakua kinabaki chako. Krediti ambazo hukuzitumia ndizo zinazokwenda na maji ukiondoka. Ukisahau kusitisha, mwezi ujao kadi itakatwa tena, na hapo usimlaumu mtu.

Ya pili: vya bure, lakini vyenye leseni

MusicRadar wana mkusanyiko mkubwa wa sauti za bure wanaouita SampleRadar. BandLab inafanya kazi hata kwenye simu na ina maktaba yake ya lupu na wanshoti. Programu unayotumia nayo huja na folda ya sauti ambayo wengi hawajawahi kuifungua mpaka mwisho. Anza humo.

Freesound ni jambo jingine. Ilianzishwa 2005 na chuo kikuu cha Pompeu Fabra cha Barcelona, na humo watu wa dunia nzima huweka walichorekodi: mvua, treni, mlango wa chuma. Kila sauti ina leseni yake, na hapo ndipo pa kutulia. CC0 tumia utakavyo. Attribution, lazima umtaje mwenyewe. Yenye neno NonCommercial, usiitie kwenye wimbo unaotaka ukuletee hela, hata kama ni sekunde moja.

Tukiwa hapo, neno fupi kuhusu programu: toleo la majaribio la FL Studio linakuruhusu kuhifadhi kazi lakini halikuruhusu kuifungua tena mpaka ununue. Mpwa wangu hakulijua hilo. Reaper inakupa siku 60 za kuijaribu bila kukufungia kitu.

Ya kwanza: pakiti moja ndogo ya wanshoti za 808 na 909

808 na 909 ni mashine za ngoma za kampuni ya Kijapani ya Roland: walitoa TR-808 mwaka 1980 na TR-909 mwaka 1983. Mashine hizo hazikupendwa sana wakati wake, ziliuzwa kwa bei ya kutupa, na vijana wa Detroit, Marekani, walioanzisha tekno, akina Juan Atkins, Derrick May na Kevin Saunderson, wakapata vyombo walivyoweza kuvifikia. Zaidi ya miaka 40 baadaye, kiki ya 909 bado ndiyo mgongo wa tekno. Na kwa anayekuambia kutumia sampuli (sauti iliyokwisha rekodiwa) ni kudanganya: haihati na matoazi ya 909 yenyewe ni sauti zilizorekodiwa zikatiwa ndani ya chipu.

Pakiti ya mapigo 100 mpaka 200 inakutosha mwaka mzima. Zipo za bure na zipo za dola chache. Unapochagua, usisikilize kelele ya tangazo lililopambwa. Fungua kiki moja, ikuze kwenye skrini, tazama mwanzo na mwisho wake. Iliyokatwa vibaya utaiona imesimama ghafla badala ya kufifia hadi kwenye mstari wa katikati, na utaisikia ikitoa "tk" mwishoni. Pakiti yenye tatu za hivyo, iache. Tazama pia kama majina yanaeleweka, kama ni WAV, na kama kiki zipo kavu, zisizomwagiwa mwangwi. Mwangwi utaongeza mwenyewe. Kuutoa ni kazi ya usiku kucha.

Kisha kaa mbele ya vile visanduku 16 vya programu yako, ambavyo kila vinne ni pigo moja. Kiki kwenye 1, 5, 9 na 13. Kofi kwenye 5 na 13. Haihati iliyo wazi kwenye 3, 7, 11 na 15. Umeshapata mdundo wa tekno kwa sauti tatu, na kila moja unaweza kuipandisha, kuishusha, kuifupisha. Mpwa wangu alishusha kiki nusu-toni mbili, akafupisha mkia wake, na chumba kikabadilika. Lupu isingemruhusu.

Alitumia shilingi mia nane na kitu. Zilizobaki nilimwambia aweke kwa ajili ya bando na nauli, kwa sababu sauti za kuongeza juu ya hizo tatu hazikuhitaji kununuliwa. KMRU, mwanamuziki kutoka Nairobi, amejulikana kimataifa kwa kazi anayoijenga juu ya sauti alizorekodi mtaani na porini, nasi tuna bahari. Pweza akipigwa kwenye mwamba ni kofi ambalo hutalikuta kwenye pakiti yoyote. Kinu na mchi ni kiki, ukiiwekea ya 909 chini yake ili ipate uzito. Nazi ikikunwa kwenye mbuzi ni haihati tosha. Simu ikae shibiri moja kutoka kwenye sauti, feni izimwe, na programu ya kurekodi iwe imewekwa WAV. Ukitaka kurekodi wapiga kayamba, waombe, waeleze unafanyia nini, na uwalipe.

Alianza na nazi, kwa bibi yake. Bibi alivumilia mara tatu za "hebu rudia, bibi," kisha akasimama, akamwambia kama amekuja kurekodi basi nazi ya pili aikune mwenyewe. Akaikuna. Ndiyo tuliyoitumia, maana mkono wake haujazoea mbuzi, na kila mkuno wa tatu unachelewa kidogo.