Cleopatra ya 1999: nusu ya Caesar imetulia, nusu ya Antony inakimbizwa

Tamthilia hii ya sehemu 2 kuhusu Cleopatra, malkia wa Misri, na wapenzi wake wawili Warumi, Julius Caesar na Mark Antony, ilirushwa na kituo cha televisheni cha ABC cha Marekani Mei 1999, kwa siku mbili mfululizo. Mwongozaji ni Franc Roddam, na sehemu kubwa ya jangwa unaloliona ni la Moroko. Imetokana na riwaya ya Margaret George, kwa hiyo usiitazame ukiwa na kalamu nyekundu mkononi.

Kinachoibeba ni Timothy Dalton, anayeigiza Caesar. Caesar alipofika Alexandria mwaka 48 KK alikuwa na miaka 52, na Dalton alikuwa rika hilohilo wakati wa kuigiza. Hapigi kelele, hachezi na macho. Anakaa kimya kama mtu aliyezoea kutiiwa. Leonor Varela, ambaye ndiye Cleopatra, anapendeza zaidi akibishana naye kuliko wanapobusiana. Majumba na mavazi pia hayana mzaha, ndiyo maana kazi ya usanifu wa mandhari iliteuliwa kuwania Emmy, tuzo ya televisheni ya Marekani.

Shida inaanza Caesar akishakufa. Mapenzi yake na Cleopatra yalidumu miaka 4 tu, lakini yanakula karibu nusu ya muda. Kilichobaki kinapaswa kubeba miaka 11: Cleopatra na Antony kukutana mjini Tarso mwaka 41 KK, Antony kumwoa Octavia, dada wa mpinzani wake Octavian, mwaka uliofuata, kushindwa kwake vitani na Waparthi wa Uajemi mwaka 36, vita vya baharini vya Actium walivyoshindwa na Octavian mwaka 31, na vifo vyao vya mwaka 30. Hapo ndipo Billy Zane, anayeigiza Antony, anaponyimwa haki yake. Antony anapenda, anakasirika, anaanguka, na mtazamaji hajapata hata nafasi ya kumzoea. Tena ni kijana mno: Antony wa Tarso alikuwa amevuka 40, Zane alikuwa na kama 33. Rupert Graves, kwa upande wake, anampa Octavian ubaridi unaotisha. Brutus na Cassius, waliomuua Caesar, wanapita kama wageni wa harusini. Aliyewajua kupitia tafsiri ya Mwalimu Nyerere ya tamthilia ya Shakespeare, Julius Caesar, atabaki na njaa.

Na lile zulia ambalo Cleopatra anafichwa ndani yake ili amfikie Caesar je? Ni tamu kulitazama, ila Plutarch, mwandishi wa kale wa Kigiriki, hasemi zulia. Anasema Apollodorus wa Sisilia alifika ikuluni kwa mtumbwi mdogo giza likiingia, malkia akajinyoosha ndani ya mfuko wa kufungia matandiko, mfuko ukafungwa kwa kamba na kuingizwa ndani hadi kwa Caesar. Mimi naona hiyo ingetisha zaidi kwenye skrini: kifurushi cha kawaida tu, hakuna anayekishuku. Na yule nyoka wa mwisho, anayemuua Cleopatra, Plutarch mwenyewe anamtaja pamoja na uvumi wa sumu iliyofichwa kwenye chanuo lenye uwazi ndani, kisha anakiri kwamba ukweli haujulikani.

Ukinunua DVD, geuza kasha kabla hujatoa pesa. DVD hugawanywa kwa kanda za dunia (region): za Marekani huwa ni ukanda wa 1, mfumo wa picha wa NTSC. Kenya na Tanzania ziko ukanda wa 5, na deki iliyofungwa kwa ukanda mmoja itaitema diski hata kama haina mkwaruzo. Ya Ulaya, ya mfumo wa picha wa PAL, huenda fremu 25 kwa sekunde badala ya 24, hivyo kazi ya saa 3 hupungua kama dakika 7. Hiyo si hasara, hakuna kilichokatwa. Lakini kasha likiandikwa dakika 140, ujue umeuziwa iliyopunguzwa, na kwa nusu ya Antony ilivyo na haraka tayari, hutaelewa kitu. Sura zikionekana pana kama zimekanyagwa, ingia kwenye mipangilio ya picha ya runinga uchague 4:3.

Nyota 3 kati ya 5, na mbili kati ya hizo ni za Dalton.